Niliiponda Nyumba Yangu Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya geti langu, kalamu mkononi, naulizwa jina na mwanamke asiyenijua. Nimechoka na habari hii kuliko ninyi. Lakini niliianza mwenyewe, acha niiseme.

Kwa aliyechelewa: naitwa Merv Hocking, nina miaka sabini na nne. Nilifanya kazi kwenye tramu za Sydney Road, barabara kuu ya hapa kwetu, miaka thelathini na moja, kondakta kwanza, dereva baadaye. Mke wangu Noreen alipofariki, birika liliungua jikoni mara mbili, na binti yangu Janelle akaamua kwamba siwezi tena kukaa peke yangu. Amenijengea chumba nyuma ya kwake, kule Melton, nje ya jiji. Nyumba yangu ya hapa Coburg, niliyoishi miaka arobaini na sita, ilikarabatiwa na mumewe, Wade, ambaye ni fundi, kisha ikatangazwa kuuzwa.

Nilitia sahihi kila karatasi waliyoniletea. Ndiyo, nilitia.

Tangazo lilisema: nyumba ya familia ya mwaka 1912, imekarabatiwa kuanzia chini hadi juu, nguzo zote zimebadilishwa, hatua chache kutoka stesheni, tramu na shule. Picha ilikuwa nzuri mpaka nikaitamani nyumba yenyewe. Kisha nikaona mlimao wangu pembeni.

Basi Jumamosi ile ya kwanza ya kuonyesha nyumba, Jarrod, dalali, alikuwa amenionya mapema.

"Mzee, nenda ukanywe kahawa nusu saa. Mnunuzi akimwona mwenye nyumba anajisikia mgeni, anaondoka."

Nikaenda hadi kona, nikarudi. Jarrod mwenyewe siku hiyo alikuwa na nyumba nyingine mtaa wa pili. Getini alimweka mwenzake wa ofisini, ambaye hajawahi kuniona. Na hapa kwetu haingii mtu kwenye nyumba inayouzwa bila kuacha jina na namba ya simu.

"Jina, mzee wangu?"

"Con Mavridis," nikasema.

Con ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nikampa na namba ya simu ya Con, ambayo naijua kwa kichwa tangu mwaka 1985. Wanaosema nasahau waje waniulize namba hiyo.

Ndani, tangu wapambaji wapite asubuhi, sikupatambua. Makochi meupe ya kukodi. Bakuli la matofaa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyala. Kiti cha Noreen kilikuwa kimefungiwa stoo, eti kinatia huzuni.

Kulikuwa na mke na mume wanapima dirisha, na wengine wawili wanabishana kuhusu friji. Hao hawakunitisha. Aliyenitisha ni mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa peke yake jikoni, amesimama pale pale alipokuwa akisimama Noreen, anaongea na simu.

"Mama, chumba chako kitapata jua la asubuhi. Na tramu iko hapo tu, utakwenda kanisani bila kunisubiri mimi."

Alipokata simu aliniona namtazama, akatabasamu.

"Samahani, napiga kelele. Mama yangu hasikii vizuri. Wewe pia unaitazama?"

"Mimi jirani tu. Con."

"Mimi Hanh. Ni muuguzi, kazini kwangu ni vituo vitatu kutoka hapa." Akagusa meza ya jikoni. "Nzuri sana, eti?"

Nikamwona anaishi humo. Nikamwona mama yake amekaa kwenye jua langu. Moyo ukaniuma, na badala ya kuondoka, nikafungua mdomo.

"Nzuri kwa macho."

"Una maana gani?"

"Mimi si mtu wa maneno maneno, dada. Lakini ni jirani, nayaona mengi." Nikasogea karibu. "Uliza habari za nguzo."

Uso wake ukabadilika pale pale. Nyumba zetu za mbao hapa zinakaa juu ya nguzo fupi zilizozikwa ardhini, na zile za zamani ni za mti. Zikioza, nyumba inalala upande, milango haifungi, na sakafu yote inang'olewa. Ukitaka kumfukuza mnunuzi hapa Coburg huhitaji mizimu. Taja nguzo.

"Tangazo linasema zimebadilishwa zote," akasema.

"Tangazo linasema na matofaa ni ya kula."

Nikatoka zangu kwa mlango wa nyuma. Kabla sijafika uani nilikuwa nimewaambia na wale wawili wa dirisha, na wale wa friji.

Naomba mwelewe vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Ulikuwa uongo. Nilivyojua mimi, Wade alibadilisha nguzo zote sitini na mbili, akaweka za zege. Karatasi ya mauzo ilisema hivyo, na chini yake kuna sahihi yangu.

Jumatatu asubuhi nikasikia sauti ya Con inaruka ukuta.

"Merv! Merv bwana! Toka nje!"

Nikatoka. Amesimama kwenye ngazi yake ya kuchumia zeituni, simu mkononi.

"Nani huyu Jarrod?"

"Dalali wangu. Kwani kafanya nini?"

"Ananiuliza kama nimevutiwa na nyumba yako! Nimeishi nayo ukutani miaka arobaini, leo ananiuliza kama nimevutiwa!"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia jiko dogo."

"Con!"

"Ameniuliza, nikamjibu. Ulitaka niseme jiko kubwa?" Akashuka vidato viwili, akaniangalia sawasawa. "Umeandika jina langu, Merv. Umeingia nyumbani kwako kwa jina langu. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kwa nini usimwambie mtoto wako kwamba hutaki kuuza?"

"Nimemwambia."

"Lini?"

Nilimwambia Janelle kwamba Melton kuna upepo. Nilimwambia kwamba tramu hazifiki huko. Nilimwambia kwamba mlimao hauhamishiki. Ile sentensi yenyewe, sitaki, sikuwahi kuitamka. Mtoto alilala kitandani mwangu wiki mbili baada ya mazishi ya mama yake kwa kuogopa nitakufa usingizini. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba humtaki na chumba chake?

"Mimi sitasema," Con akaniambia. "Lakini utaumbuka, mzee. Utaumbuka vibaya."

Alhamisi Janelle na Wade wakaja na soseji. Wade alikuwa anazichoma uani, Janelle anakata mkate.

"Jarrod kanipigia," Janelle akasema. "Watu watatu wanamuuliza nguzo. Nguzo! Vitu vyote tulivyofanya, wanauliza nguzo. Wade, unasikia?"

Wade hakugeuka. "Nasikia."

"Si uwapelekee picha za kazi uliyofanya?"

"Sikupiga picha."

"Hata moja?"

"Nilikuwa chini ya nyumba, Janelle, sikuwa harusini."

Soseji zikaungua, na Wade huwa haunguzi soseji. Alikula amesimama, mkono kiunoni, akaondoka mapema kulala kwenye gari. Nilidhani nimemvunjia heshima fundi wa watu kwa uongo wangu, na usiku sikupata raha. Kijana huyu nampenda. Aliniogesha nilipovunjika bega.

Hata hivyo sikusema kitu.

Jumamosi ya mnada ikafika, saa tano asubuhi. Hapa kwetu mnada wa nyumba unafanyika barabarani, mbele ya geti, na mtaa mzima unatoka kutazama. Wapo waliokuja na vikombe vya kahawa, wapo waliokuja na mbwa. Con alikuja na kiti chake cha kukunja akakiweka mbele kabisa, kama aliyelipia.

Mwenye nyumba hukaa ndani. Nikasimama nyuma ya pazia, Janelle kanishika mkono, Wade yuko kwenye korido anatembea kwenda na kurudi.

Jarrod alikuwa amevaa suti ya bluu na viatu visivyo na soksi. Aliisifu dari, akazisifu shule, akaisifu stesheni. Akasema mtu ataishi humu bila gari na bila majuto.

"Haya, nani ananifungulia mnada?"

Kimya.

"Ndugu zangu, msiogope. Nyumba haiumi."

Mbwa mmoja alipiga chafya na watu wakacheka. Wale wa dirisha walikuwepo, mikono mifukoni. Wale wa friji hawakuja kabisa.

Janelle akanibana vidole. "Baba, wana nini hawa? Wana nini?"

Nilikuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na sikujua niifiche ipi. Kisha nikaona mkono umeinuka nyuma ya umati.

Hanh.

Akataja bei. Ilikuwa ndogo, na watu wakageuka kumtazama. Jarrod alihangaika dakika kumi nzima, akibembeleza, akitania, akitaka hata kumuuzia Con, lakini hakuna mwingine aliyeinua hata kidole. Mwisho akaingia ndani anajifuta jasho.

"Bei haijafika tunapotaka. Siwezi kupiga nyundo ya kuuza. Nyumba inarudi kwa mwenyewe."

Inarudi kwa mwenyewe! Nilikaribia kumkumbatia. Nilishaona kiti cha Noreen kinatoka stoo jioni ile ile.

"Ila," Jarrod akaongeza, "yule dada ndiye aliyetaja bei ya mwisho, kwa hiyo ana haki ya kuzungumza nanyi wa kwanza. Namwingiza?"

Desturi ile naijua tangu ujana. Nimeiona ikifanyika kwenye mtaa huu mara ishirini. Nilikuwa nimeisahau.

"Mwingize," akasema Janelle, kabla sijapata pa kukimbilia.

Hanh aliingia na bahasha ya kaki. Akamsalimu Janelle, akamsalimu Wade. Kisha akaniona mimi, nimekaa mezani kwenye kiti cha mwenyeji, na karatasi zimepangwa mbele yangu.

"Bwana Con?"

Janelle akacheka. "Hapana, Con ni yule wa kwenye kiti nje. Huyu ni baba yangu. Ndiye mwenye nyumba."

Hanh hakucheka.

"Huyu ndiye aliyeniambia nguzo zimeoza."

Sijui kama mmewahi kuona mtoto wenu anawaangalia kama mtu wa njiani. Sipendi kuikumbuka sura ile.

"Baba? Ulikuja hapa? Ukajiita Con?"

"Nilikuja."

"Ukawaambia watu nyumba yetu mbovu?"

"Niliwaambia." Nikamtazama Hanh. "Dada Hanh, nisamehe. Nilikudanganya. Nguzo ni nzima zote, huyu kijana alizibadilisha kwa mikono yake. Nilisema vile ili usiinunue." Nikamgeukia Janelle. "Sitaki kuuza, mwanangu. Sitaki kwenda Melton. Nataka kufia hapa."

Basi. Ilitoka. Miezi minane nilikuwa naibeba, na ikachukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Janelle akakaa chini. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nakuambia sasa."

"Sasa, Baba? Watu wako barabarani! Mimi nimekujengea chumba, nimeweka na vyuma vya kushika bafuni, wewe unajiita Con?"

"Najua."

"Ungesema tu! Ungesema hutaki, tungekaa, tungetafuta mtu wa kuja kukuangalia. Mimi nilidhani unataka. Nilidhani unaona haya kuniomba!"

Nilitamani kucheka na kulia. Alikuwa tayari kunisikiliza wakati wote. Kwa sekunde chache, wasomaji wangu, nilikuwa nimeshinda. Jarrod alishaanza kukusanya karatasi zake. Janelle alinyoosha mkono, akaushika wangu juu ya meza.

Ndipo Hanh akasema, polepole, "Samahani. Lakini huyu mzee hakunidanganya."

Akafungua bahasha. Akapanga picha mezani, moja moja, kwa adabu.

"Maneno yake yalinikosesha usingizi. Jumanne nilimleta mkaguzi, Jarrod alimfungulia, akasema mwenye nyumba katoka. Akaingia chini ya nyumba kwa tumbo. Nane za mbele ni za zege. Zilizobaki ni za mti, za mwaka ule ule wa 1912. Hii hapa, ameibonyeza kwa kidole, kidole kimezama."

Niliitazama picha. Kidole cha mtu kimeingia kwenye nguzo ya nyumba yangu hadi kwenye pingili ya pili.

"Sikuja kugombana," Hanh akaendelea. "Bado naitaka nyumba, ndiyo maana nilitaja bei ya nyumba yenye nguzo mbovu. Lakini karatasi yenu inasema zimebadilishwa zote, na imetiwa sahihi. Mama yangu ataishi humu. Nataka kujua tu nanunua kwa watu gani."

Janelle aliinua kichwa, akamgeukia mumewe.

"Wade."

Wade alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni kama siku ya soseji.

"Wade, nakuuliza. Ulibadilisha au hukubadilisha?"

"Nane tu."

"Nane! Na ulikuwa unakuja hapa wiki sita! Ulikuwa unafanya nini?"

"Mgongo, Janelle. Mgongo ulinikatika mwezi wa saba, ile wiki ya mvua. Sikukwambia kwa sababu ungenikataza kazi yote, na mlikuwa mnataka nyumba iwe tayari kabla ya mwezi wa kumi." Akaegemea mwimo wa mlango. "Nilitaka kumwita fundi mwingine amalizie. Mzee ndiye aliyeniambia niache."

"Nani?" nikauliza. "Mimi?"

"Wewe, mzee."

"Mwongo!"

"Ulinitoa chini ya nyumba kwa mikono yako. Nilikuwa siwezi kunyooka. Ukaniletea chai pale ngazini, tukakaa, mvua inanyesha. Nikakwambia ukweli wote. Ukasema, weka za mbele, hizo nyingine ziache, zimekaa miaka mia, zitanizika. Ukasema tusimwambie Janelle, atakuwa na wasiwasi." Akainyooshea kidole karatasi ya mezani. "Hata karatasi ile nilidhani umeisaini ukijua."

"Mwongo wewe," nikasema tena, lakini sauti haikutoka kama nilivyoituma.

Kwa sababu "zitanizika" ni neno langu, kwamba kitu kitadumu kuliko mimi. Nalisema juu ya koti langu, juu ya redio, juu ya paa. Wade ameshalisikia mara mia, angeweza kuliiba. Na chai nilimpelekea kila siku, wiki zote sita, kwa nini nisikumbuke hiyo moja? Nilitafuta kichwani. Ngazi nilikuwa nazo. Mvua nilikuwa nayo. Kikombe cha bluu kilichokatika sikio nilikuwa nacho, mkononi mwa Wade, kinafuka moshi. Maneno ndiyo sikuyapata, si yangu wala yake.

Janelle aliacha kulia. Alinitazama, na hasira yote ilikuwa imemtoka. Laiti angeendelea kunikasirikia. Aliniangalia vile vile alivyoniangalia mara ya pili birika lilipoungua.

"Baba," akasema kwa upole, "unakumbuka?"

Hanh alisubiri. Jarrod akaangalia dari. Nje nilimsikia Con akimuuliza mtu kama wanapiga nyundo au warudi makwao.

Nikisema nakumbuka, mimi ni tapeli niliyetia sahihi uongo, lakini akili zangu ni timamu. Nikisema sikumbuki, chumba cha Melton kinanisubiri, na safari hii hakuna wa kunitetea, hata mimi mwenyewe. Nikisema Wade anadanganya, nimevunja nyumba ya binti yangu ili nibaki kwenye yangu.

Hayo yote niliyapima. Lakini kilichonitoa jasho ni kingine. Siku ile jikoni, nilipotaka kumtisha Hanh, kulikuwa na mengi ya kusema. Panya wapo. Paa linavuja juu ya bafu. Jirani anakamua zabibu kwa miguu. Kwa nini ulimi wangu ulikwenda moja kwa moja chini ya sakafu?

"Baba?"

Miaka thelathini na moja nilikuwa namjua kwa macho abiria asiye na tiketi, kabla hajaketi. Nikainua uso, nikamtazama Wade vile vile, nikiutafuta uongo.

Sikuuona.